Mikono Isiyonyooka

Mwanangu Saada,

Salamu tumepeana mara tatu tangu asubuhi, na shikamoo yako ya mwisho niliijibu nikiwa nimeinamia cherehani, bila kukutazama. Ulidhani nina haraka ya kumaliza nguo yako ya safari. Nguo ilikuwa tayari tangu jana. Nilikuwa nafumua mshono mzima na kuushona upya, ili nisiinue uso.

Sasa wewe na mamako mmekwenda kuwaaga watu wa Frere Town, na mimi nimebaki hapa Magogoni na meza yangu ya kukatia. Nimefunga mlango wa duka kukiwa na jua bado, na wateja wawili wameshagonga wakaondoka wakinung'unika. Habari za Nairobi, baridi yake, bweni lake na watu wake, mamako amekwisha kukueleza mpaka ukachoka, nami siwezi kukuongezea kitu. Nairobi nimefika mara moja, nikarudi na mafua. Nina jambo moja tu la kukwambia, na baba mwenye ujasiri angekwambia kwa mdomo.

Ile barua ya daktari iliyo ndani ya begi lako nilikwambia ni ya kupimwa tu, kama wanafunzi wote wanavyopimwa. Nilikudanganya. Ni barua ya kukupeleka kwa madaktari wa moyo, na nataka uende kwao kabla hujatia mguu chuoni, hata kama utakosa siku ya kwanza ya masomo. Huenda una ugonjwa uliomchukua nduguyo Abdalla. Na kabla Abdalla hajafa, mimi niliulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Nikajibu uongo.

Nianze na mwendo wetu, kwa sababu huo unaujua. Tangu utotoni umesikia watu wakitutania kwamba watu wa ukoo wetu hutembea kama wanaokwepa matope. Visigino vyetu havigusi chini sawasawa. Fundi viatu wa Kongowea kila nikimpelekea viatu hunichekea: "Nyinyi visigino vyenu vinakula bure, kazi zote zafanywa na vidole!" Babu yako alikuwa akijivunia mwendo ule. Alisema sisi ni watu wastaarabu, hatukanyagi ardhi kwa kishindo. Viwiko vyetu navyo havifunguki mpaka mwisho, na shingo hazikubali kuinama mpaka kidevu kiguse kifua. Tuliyachukulia yote hayo kama mtu anavyochukulia pua ya babake.

Babu yako alipofariki, mimi nilikuwa kijana, nami ndiyo kwanza nimeanza kujifunza kuosha maiti. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Hamisi wa hapa hapa, muoshaji wa miaka mingi. Kabla hajaniruhusu kushika ndoo alinishika bega akaniambia: "Mbwana, uliyoyaona humu ndani, yaache humu ndani. Mtu akishalala hapa hana nguo, wewe ndiwe nguo yake." Niliapa. Na wallahi sijawahi kutoka chumbani mle nikasema fulani ana kovu, fulani ana jipu. Tulipomlaza babu, nilijaribu kuinyoosha mikono yake kando ya mwili, ikakataa. Mwili ulikuwa na joto bado, magoti yalikubali, vidole vilikubali, viwiko havikubali. Mzee Hamisi aliweka mkono wake juu ya wangu, akasema, "Muache alivyo." Nikamuacha. Watu waliambiwa kwamba ni homa, maana siku mbili kabla alikuwa na homa kidogo.

Miaka mingi baadaye, katikati ya miaka ya themanini, alifuata ami yako Athmani. Wewe ulikuwa mdogo, labda wakumbuka zile peremende alizokuwa akikuletea mfukoni zikiwa na rangi ya chokaa. Alikuwa akipaka nyumba rangi huko Kisauni, akaanguka kutoka kwenye ngazi. Mji mzima ulijua kwamba Athmani kauawa na ngazi. Lakini mimi ndiye niliyemuosha, na mimi nilitafuta jeraha nisilione. Kichwa kizima, mbavu nzima, hakuna hata mchubuko wa maana. Aliangukia mchanga laini. Na yule mwenzake aliyekuwa chini akichanganya rangi aliniambia pembeni, kabla ya mazishi, "Fundi, yule hakuteleza. Aliweka burashi yake vizuri juu ya kopo, akashika ngazi kwa mikono miwili, kisha akaiachia."

Nilisimama kando ya ndugu yangu nikiwa na maji mkononi, nikatazama viwiko vyake. Vilisimama vile vile kama vya babetu. Nilipomvika sanda ikabaki imetuna pande mbili, nikaifunga kwa kitambaa ili itulie. Hapo ndipo nilipojua, Saada. Sikujua jina la kitu chenyewe wala sikujua kwamba ni moyo, lakini nilijua kwamba watu wetu wanakufa kwa namna moja na kwamba wana mikono ya namna moja. Nikatoka nje, nikapokea rambirambi, nikasema ngazi ilikuwa mbovu.

Nilijiambia kwamba nafuata kiapo cha Mzee Hamisi. Kiapo kile ni cha kumfunika maiti asiaibike. Mimi nilikitumia kujifunika mwenyewe, mtu mzima, mwenye ndevu na duka lake. Niliona haya kuwa wa ukoo wenye kasoro. Sisi watu wa zamani wa hapa tunajua kuulizana habari za koo. Mposaji akija, shangazi wawili huzunguka mitaa mitatu wakichunguza nani ana kifafa, nani ana wazimu, nani alikufaje. Nilikuwa na binti. Sikutaka shangazi wa watu waje wapate la kusema.

Ufundi wangu ukanisaidia kuficha. Abdalla alipokuwa shule ya msingi, mwalimu mmoja wa mchakamchaka alikuwa akiwapanga watoto mstarini na kuwaamrisha wanyooshe mikono mbele. Mikono ya Abdalla ilibaki imepinda. Mwalimu akadhani ni kiburi, akamchapa viwiko kwa fimbo. Alirudi nyumbani akaketi pale chini ya meza ya kukatia, kwenye mabaki ya vitambaa, akaniuliza, "Baba, kwani mimi nimekosea nini?" Nilipaswa kufunga duka, nimshike mkono, niende kumwambia yule mwalimu kwamba mtoto huyu ameumbwa hivi. Badala yake nilimpima upya. Nikamkatia shati lenye mkono mpana, lenye mpindo kwenye kiwiko, kiasi kwamba hata angekuwa na mkono ulionyooka bado ungeonekana umepinda kwa sababu ya nguo. Kazi safi. Mwalimu aliacha kumchapa, akasema fundi wa mtoto huyu hajui kushona. Nikafurahi kutukanwa. Tangu siku ile nguo zote za Abdalla nilizikata hivyo, na zangu, na zako pia, Saada. Ndiyo sababu rafiki zako wanakucheka kwamba mikono ya nguo zako ni ya bibi harusi.

Kisha Abdalla akakua, akapata kazi Changamwe, kwenye kiwanda, na siku moja ya likizo akazimia uwanjani akicheza mpira. Tukasema ni jua. Akazimia tena kazini, akiwa kivulini. Nikampeleka hospitali kisiwani pamoja na mamako. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mtu wa Kaloleni, mwenye sauti ya taratibu. Alimpima Abdalla kwa ule mtambo wa kuandika mapigo, akaitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akamshika mkono Abdalla na kujaribu kuukunjua. Alinitoa nje peke yangu, mamako akiwa amekaa na Abdalla, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Shikamoo baba. Samahani nikuulize. Katika ukoo wenu, kuna mtu aliyekufa ghafla? Au mwenye viungo kama hivi vya kijana, visivyonyooka?"

Nilikuwa nimevaa kanzu ya mikono mipana. Nilirudisha mikono nyuma, nikaishika, nikasema, "Hapana."

"Una hakika, baba? Yaweza kunisaidia sana nikiandika barua ya Nairobi. Wana vifaa vya kumtia moyoni vya kuusaidia kupiga."

"Mwanangu," nikamwambia, "ukoo wetu unajulikana. Hatuna maradhi."

Nitakwambia na uchafu uliokuwa kifuani mwangu, maana kama nakiri nikiri chote. Nilimdharau. Nilijiambia, mtoto wa jana kutoka bara hii ya nyuma yetu, ndiye ataandika ukoo wangu kwenye faili? Na niliwaza wewe, ulikuwa na miaka kumi na tatu, niliwaza ile siku ya posa. Nimesema hilo na tafadhali lisome vizuri: usije ukalibeba wewe. Hukuniomba. Ulikuwa mtoto, unacheza kibe uani. Kosa ni langu mimi niliyepima watoto wawili kwa futi moja, nikaona sifa ya mmoja ni bora kuliko pumzi ya mwingine.

Daktari akaandika alichoandika. Akasema arudi baada ya muda atazamwe tena. Hakuwa na sababu ya kuharakisha, kwa kuwa mimi nilimnyima sababu. Miezi michache baadaye Abdalla alitoka zamu, akaketi kwenye kibanda cha chai karibu na lango la kiwanda, akaagiza chai na mahamri mawili. Wenzake wanasema alikuwa anawachekesha. Akaweka kikombe, akaegemea ukuta, wakadhani amesinzia.

Mamako aliniuliza siku ile kama nataka Mzee Hamisi aje na vijana wake. Nikakataa. Nilimuosha peke yangu, mlango nimeufunga, na watu wakasifu, wakasema tazama baba mwenye subira. Haikuwa subira. Sikutaka mtu mwingine aione mikono yake. Hata siku ile, mtoto wangu akiwa amelala mbele yangu, nilikuwa nalinda siri. Nimeishi na hilo miaka yote hii na sijui neno la kulieleza. Nina hatia, Saada. Watu wakisema ni amri ya Mungu naitikia, maana ni kweli, lakini najua kwamba najificha humo pia.

Mwezi wa Ramadhani uliopita ulikaa kwenye kizingiti cha jiko, ukashika kichwa, ukasema, "Kizunguzungu tu, baba, ni funga." Wote wakasema ni funga. Mimi nilisikia Abdalla. Ukumbuke kwamba usiku ule nilikutengenezea uji mwenyewe, ukacheka kwamba baba leo kapatwa na nini. Haukupita mwezi nikavuka kwenda kisiwani kumtafuta yule daktari.

Bado yupo. Nywele zimeanza mvi. Alinikumbuka kabla sijasema jina. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilingoja anitukane, kwa kweli nilitamani anitukane. Alivuta kiti akanikalisha. Akachukua karatasi akaniambia nimtajie watu wetu, akachora mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, na kila aliyekuwa na dalili akamtia wino mweusi. Babu. Athmani. Abdalla. Kisha akaniomba nikunje mkono wa kanzu, akaukunjua mkono wangu mpaka ulipokataa, akashika mshipa wangu akahesabu mapigo. Akatia wino kwenye mraba wangu. Duara lako akaliacha jeupe, akaweka alama ya kuuliza.

Nilimuuliza ni kitu gani hiki. Akaniambia kwamba amesoma juzi juzi kwenye jarida la madaktari, ni jambo jipya. Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, seli. Ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kile kiini, ukutani, kuna wavu mwembamba wa protini unaokishikilia kisipoteze umbo. Jeni ni yale maagizo tunayorithi yanayouambia mwili namna ya kuufuma wavu huo. Wataalamu wamegundua kwamba katika koo nyingine maagizo hayo yana kosa, na wavu unafumwa dhaifu.

Nikamwambia, "Ni bitana."

"Bitana ndiyo nini, baba?"

Nikamweleza. Koti halisimami kwa kitambaa cha nje, linasimama kwa bitana iliyo ndani. Bitana ikiwa mbovu, koti huning'inia zuri tu dukani, na huanza kuharibika pale linapokunjwa kila siku, kwenye kiwiko. Akacheka, akasema tangu asome jarida lile hajapata maelezo rahisi hivyo, na kwamba visigino, viwiko na shingo ni sehemu zinazofanya kazi kwa kujikunja, na moyo ndio haupumziki kabisa. Kisha akaacha kucheka. Alisema hana kipimo cha kuthibitisha jeni yenyewe, labda ng'ambo. Lakini viungo hivyo na vifo hivyo vikija pamoja katika ukoo mmoja, hangoji uthibitisho. Moyo wenyewe hupimika, na Nairobi wana kifaa kinachotiwa chini ya ngozi, huushtua moyo unapochelewa kupiga. Watu huishi nacho, hufanya kazi, huzaa.

Nikamuuliza kama Abdalla angepona. Akaniambia, "Baba, sijui. Ningempeleka wiki ile ile." 

Nilirudi nikakaa na neno hilo mpaka siku tatu zilizopita, ndipo nikamwambia mamako. Alikuwa anakamua tui. Alisikiliza bila kunikata, kisha akaniuliza, "Ulikuwa wajua?"

"Nilikuwa najua viwiko. Sikujua moyo."

"Usinikatie maneno kama kitambaa, Mbwana. Daktari alikuuliza, nami niko chumba cha pili na mwanangu, nawe ukamwambia hapana?"

"Nilimwambia hapana."

Aliweka kifumbu chini, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Mtoto akalia viwiko, ukamshonea shati. Akalia moyo, ukamshonea nini?" Akasema, "Huyu aliyebaki utamwambia mwenyewe, kwa ulimi au kwa kalamu. Mimi usinitume." Tangu hapo hasemi nami ila kunijulisha kwamba chakula ki tayari. Ulituona tumenuna ukadhani twagombana juu ya nauli yako. Usimlaumu. Ana haki yake yote, na ukimwona kesho akikukumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida, usiharakishe kujitoa.

Sikuombi unisamehe. Hilo la msamaha lina mwenyewe na halimo mikononi mwako wewe peke yako. Ninaloomba ni dogo zaidi na gumu zaidi kwa mtu aliyelelewa nyumbani kwangu: usione haya. Daktari akikuambia umesalimika, mshukuru Mungu, kisha uniandikie. Akikuambia hukusalimika, kubali kifaa chao, hata kama kitaacha kovu. Na atakapokuja kijana anayekutaka, mwambie kabla shangazi zake hawajaanza kuzunguka. Kila mtoto utakayemzaa huenda akarithi, huenda asirithi, nusu kwa nusu, ndivyo alivyosema daktari. Mwanamume atakayekimbia kwa kusikia hivyo, mwache akimbie, atakuwa amekupunguzia safari. Mimi sikumwambia mamako kabla ya ndoa kwa sababu sikujua. Baada ya kujua nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia, nayo nikaipoteza yote.

Mimi mwenyewe nimeandikiwa kwenda kupimwa baada yako. Nilimwambia daktari aanze na wewe. Alinikemea kwa hilo, na ndiyo mara pekee aliyonikemea.

Sasa kuhusu nguo. Ile nguo ya safari niliyokushonea, utaona kesho ukiivaa kwamba si kama nguo zako nyingine. Mikono yake nimeikata imenyooka, myembamba, ya kufika kifundo cha mkono, bila mpindo wowote. Itakubana kwenye kiwiko, na itajikunja hapo, na mtu yeyote atakayekutazama ataona kwamba mkono wako hauendi mpaka mwisho. Nimeishona makusudi. Usiivute na usitupie mtandio juu yake. Ingia nayo kwa daktari.

Pamoja na barua hii nimekunja ile karatasi ya miraba na maduara. Nimeandika majina kwa mkono wangu na kando ya kila jina nimeeleza alivyokufa, kwa kweli yake: babu si homa, Athmani si ngazi. Nilimwendea Mzee Hamisi kwanza, ni mzee sana sasa, nikamwambia nataka kutoa niliyoyaona chumbani. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, akaniuliza, "Ni kwa ajili ya aliye hai?" Nikamwambia naam. Akasema, "Basi ulikuwa unangoja nini?"

Daktari wa Nairobi atakuuliza swali lile lile, mwanangu, kwa maneno yale yale. Atataka kujua kama katika ukoo wenu kuna mtu wa namna hii. Mpe karatasi, na umwambie ndiyo. Mwambie ndiyo, kuna babangu, yuko Magogoni, ni fundi, na aliniambia mwenyewe.

Babako,
Mbwana